Malindi haikumngoja Mreno izaliwe

Mhariri,

Kwa miaka 23 nimelinunua gazeti lako bila kukuandikia hata mstari mmoja, wala nisingeanza leo kama si ile taarifa yenu kuhusu miji ya mapumziko ya Pwani, iliyotufahamisha kwamba Malindi "iligunduliwa" na Vasco da Gama mwaka 1498, na kwamba Watamu maana yake ni "watu tamu".

Mtoto wa darasa la pili anajua kwamba watu huwa watamu, si tamu. Hekaya hiyo hata mimi nilisimuliwa utotoni, na sina ugomvi nayo ikibaki barazani. Kuichapa kama historia ndiko kulikonikera.

Ama huyo Mreno, alikuta mji wenye mfalme wake, akapokewa kwa heshima, akaomba rubani wa kumvusha hadi Calicut, kule India, kwa sababu njia hakuijua, na rubani akapewa. Vipi mtu asiyejua njia amgundue mwenyeji anayemwelekeza? Miaka 83 kabla yake, mwaka 1415, twiga kutoka Malindi alikwisha fikishwa kwa mfalme wa Uchina. Na jirani zetu wa Gede walikuwa na misikiti ya mawe, visima na jumba la mfalme, wakauhama mji huo katika karne ya 17, kabla hoteli ya kwanza haijachimbiwa msingi. Lakini ninyi mmeandika kwamba huku palikuwa na "vijiji vya wavuvi" tu.

Haya ndiyo matunda yake: mwezi uliopita nilipanda tuktuk sokoni, nikamtajia dereva mtaa niliozaliwa. Aliduwaa, kisha akaniuliza, "Mzee, ni karibu na pitsa gani?" Tulipofika, niliikuta hiyo pitsa yenyewe imepigilia ubao wa bei, kwa Kiitaliano kitupu, juu ya mlango wa nakshi, pale hasa ilipochongwa tarehe ya Hijria, na msumari mmoja umepasua ua katikati.

Napendekeza dereva yeyote wa tuktuk asipewe leseni kabla hajataja mitaa 12 kwa majina anayoyatumia bibi yake. Mwandishi wenu naye aketi kiti cha nyuma, aandike yote, na nauli alipe yeye. Ule msumari ung'olewe taratibu, kwa koleo.

Mzee wa Shela,
Malindi