Maabara imeezekwa, sasa tuzungumze tangi

Habari za jioni wazazi na walezi wa shule yetu hapa Busia, Uganda.

Waliofika Jumamosi wamejionea. Maabara imeezekwa, meza za zege zimemwagwa na sinki ziko mahali pake. Mabomba yamepita ukutani lakini ukifungua koki unapata hewa tu. Fundi anasubiri plasta ikauke ndipo apake rangi, na mimi namuunga mkono, tusimkimbize.

Kwa nini maabara kabla ya bweni? Tunataka kufungua S1, yaani mwaka wa kwanza wa sekondari. Mtaala mpya wa sekondari, ulioanza 2020, unahesabu miradi na kazi za darasani asilimia 20 ya alama za UCE, cheti cha kumaliza S4, na 80 zinatoka kwenye mtihani wa UNEB, baraza la mitihani la taifa. Mtoto wa kuchora tu bureti, ile mrija wa kupimia kimiminika maabarani, ubaoni ataumia. Halafu Kiswahili ni lazima S1 na S2, kwa hiyo mwalimu wake tumtafute mapema. Hapa mpakani Kiswahili cha sokoni hakituishii, lakini cha kufundishia ni kingine, jamani.

Bweni lipo kwenye mpango, baada ya usajili wa sekondari kukamilika wizarani. Basi la shule? Tusidanganyane, mwaka huu hapana.

Kinachobana ni tangi la maji. Wenye mchango mpeni mweka hazina, si mimi, na msiondoke bila risiti. Anayemjua muuza matangi mwaminifu aniandikie pembeni kabla ya kikao cha Ijumaa.