Dirisha la mita moja na nusu, kitambaa mita nne: hatujala kitambaa chako

Wiki iliyopita nimeambiwa tena kwenye simu: "Mafundi mmekula kitambaa changu." Neno hilo linaniuma. Nashona mapazia hapa Dar es Salaam, na kila jora linalopita mezani kwangu linapimwa mbele ya mwenyewe. Naomba nieleze hesabu yetu mara moja, kila mtu aione.

Dada mmoja wa Kigamboni ana dirisha la sebuleni lenye upana wa mita 1.5. Tulikwenda kumpimia. Bomba la pazia hatulikati sawa na dirisha, tunalizidisha sentimita 20 kila upande, ili ukifungua pazia likae ukutani na mwanga wote uingie. Hapo bomba ni mita 1.9. Pazia linataka kitambaa mara mbili ya bomba, la sivyo hakuna marinda, linakuwa shuka lililotundikwa. Hiyo ni mita 3.8, na ya kupindia pembeni tukasema mita nne. Bomba tuliliweka juu, mita 2.4 kutoka sakafuni, maana pazia linaloanzia juu na kushuka hadi chini hurefusha ukuta hata nyumba ikiwa na dari fupi. Ukiniuliza kitu kimoja cha kubadilisha sebule, nitakujibu hicho kabla ya sofa na kabla ya rangi.

Tukamwandikia: mita nne, kitambaa cha upana wa mita 2.8. Akaenda Kariakoo, akakuta kingine kizuri kwa nusu ya bei, akanunua mita nne. Upana wake ulikuwa mita 1.5. Hapo ndipo watu wengi wanapoteleza. Kile cha 2.8 tunakilaza: upana wake unakuwa urefu wa pazia, na mita ulizonunua zinafuata upana wa dirisha. Hiki chembamba lazima kisimame. Kila kipande kinataka mita 2.65, yaani urefu wa pazia pamoja na pindo la juu na la chini. Kwenye mita nne kinatoka kipande kimoja, na mita 1.35 inabaki bila kazi. Dirisha lake lilitaka vipande vitatu, maana viwili vingetoa upana wa mita 3 tu.

Tulipotandika kitambaa mezani tukampigia kabla ya kutia mkasi. Alikasirika. Alirudi dukani kuongeza mita 5.5, jora la kwanza limekwisha, la pili rangi yake imekoza kidogo. Jumla mita 9.5 za nusu bei, ambazo ni ghali kuliko mita nne za bei kamili, na bado akalipia kuunganisha. Nilisikitika pamoja naye, kwa kuwa pazia lilikuwa la kumpokelea mama mkwe.

Kuna wanaoniambia fundi wa mtaani kwao anashona kwa bei ya chini. Sibishani, wapo wenye mikono mizuri. Bei yangu ina safari ya kuja kupima, kuloweka pamba na kitani kabla ya kukata (mama mmoja alifua pazia lake lililoshonwa kwingine likapanda hadi juu ya kifundo cha mguu, akaniletea nilirefushe, na hakuna pindo la kushusha), kulinganisha maua kwenye maungio, kupiga pasi na kuja kutundika. Upande wa jua la mchana naweka bitana nyuma. Jua la Dar halichagui kitambaa cha ghali.

Bomba nalo lisifungwe kwenye jipsamu tupu. Nimeokota la mteja wa Mbezi lililoanguka usiku na shia (pazia jepesi la kuonyesha mwanga) na pazia zito juu yake, likavunja meza ya kioo. Tunatoboa tofali kwa drili, tunatia fisha (kiplastiki kinachoshika skrubu ndani ya tundu), ndipo skrubu. Jipsamu inashika vizuri penye mbao nyuma yake.

Rangi, chukua kipande nyumbani kwanza. Taa nyeupe za dukani hudanganya. Kitundike siku moja, kiangalie asubuhi, kiangalie usiku ukiwasha taa zako. Krimu niliyoipenda dukani imewahi kuwa kijivu kabisa kwenye sebule ya mtu.

Ukija na kitambaa chako, tutapima urefu na upana wake ukiwa umesimama hapo, tutaandika, na wewe utapiga picha karatasi. Mabaki yote, hata ya sentimita 10, yanarudi kwako kwenye mfuko pamoja na mapazia. Yule dada tulimshonea foronya mbili za mito ya sofa kwa ile mita 1.35. Ukifungua mfuko ukakuta mabaki hayamo, uliza hapohapo kabla hujalipa.