Chama cha magari ya zamani ya Kijapani kianze na vipuri

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwafikie wenzangu wenye magari ya kispoti ya zamani yaliyotengenezwa Japani, ambao wamekuwa wakizungumzia kuanzisha chama cha wamiliki hapa kwetu. Wazo hilo naliunga mkono kwa moyo wote. Kinachonitia wasiwasi ni kwamba mazungumzo mengi yanahusu nembo, fulana na msafara wa kwanza, ilhali magari ya umri huu hufia uani kwa kukosa kipuri kidogo au fundi anayeyafahamu.

Tuchukue Datsun 240Z, iliyotoka mwishoni mwa mwaka 1969 ikiwa na injini ya lita 2.4 yenye silinda sita za mstari mmoja. Gari hili lilishinda Safari Rally ya Afrika Mashariki mwaka 1971 na tena mwaka 1973, mara hiyo ya pili likiendeshwa na Shekhar Mehta, kwa hiyo uimara wake hauhitaji utetezi wangu. Adui yake ni kutu, ambayo hujificha chini ya betri, sakafuni na ndani ya vizingiti vya milango, na ikishapakwa rangi mpya mnunuzi asiye na wa kumwongoza hataigundua mpaka siku jeki itakapotoboa bodi. Kabureta zake mbili, yaani vifaa vinavyochanganya hewa na petroli, nazo lazima zivute hewa kwa kiasi kilekile. Fundi aliyelelewa na mashine ya kusoma hitilafu hubadilisha plagi na koili bila mafanikio, wakati fundi mkongwe huweka ncha ya bomba la mpira sikioni, akasikiliza mvumo wa kila kabureta, kisha akagusa skrubu kidogo tu. Ujuzi huo uko vichwani mwa watu wachache ambao umri umekwenda, na kwa maoni yangu kuuandika na kuurithisha ndiyo kazi ya kwanza ya chama.

Wenye Mazda za injini ya rotari, yenye rota za pembe tatu zinazozunguka badala ya pistoni, kama RX-7 iliyoanza kuuzwa mwaka 1978, wana shida ya aina yake. Sili za ncha za rota, yaani vizibo vinavyozuia hewa isivuje, zikichakaa mgandamizo hupungua, na kwa kuwa kila rota ina nyuso tatu, kipimo cha kawaida cha injini za pistoni hakionyeshi ni uso upi ulio dhaifu. Kifaa mahususi kipo, nacho ni mzigo kwa mtu mmoja lakini si kwa wanachama wakichanga.

Kuhusu vipuri, Toyota ilitangaza mwaka 2020 kwamba itatengeneza upya baadhi ya vipuri vya Supra za zamani na vya 2000GT, na watengenezaji wengine wa Japani wana mipango ya namna hiyo. Agizo la pamoja hupunguza gharama ya usafirishaji, na orodha ya wamiliki kumi ina uzito kuliko barua ya mmoja.

Nasihi pia kwamba asizuiwe mtu ambaye gari lake bado limepandishwa juu ya mawe, kwani huyo ndiye mwenye haja kubwa zaidi ya chama. Katika mkutano wa kwanza kila mmoja aje na namba ya chesisi, namba ya injini na orodha ya vipuri anavyovikosa pamoja na vile alivyo navyo vya ziada, na achaguliwe mtu makini wa kutunza daftari hilo. Katiba na nembo vinaweza kujadiliwa mkutano utakaofuata.

Wako mtiifu,
Mmiliki wa gari la zamani