Kikao cha Jumamosi: tahadhari ifike kila nyumba

Assalaam aleikum ndugu zangu, habari za asubuhi.

Kikao chetu cha kupanga jinsi ya kufikishiana tahadhari za hali mbaya ya hewa ni Jumamosi hii, saa 10:30 alasiri, barazani kwa mwenyekiti wa kitongoji. Mei 2024, kabla Kimbunga Hidaya hakijatufikia hapa Mafia, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilishatangaza. Lakini tangazo la redioni halimfikii mvuvi aliye dago, kambini mbali na nyumbani, wala bibi asiye na simu, na hilo linaniumiza sana.

Tutapanga haya:
1. Kugawana nyumba, kila mmoja ajue atabisha hodi wapi.
2. Nani atawapigia manahodha kabla hawajatweka.
3. Mchango wa shilingi 3,000 wa kipaza sauti cha mkononi na betri. Mpeni mweka hazina, mwisho Ijumaa jioni. Aliyebanwa anifuate faragha, hatutamwacha.

Tafadhali, tusisambaze jumbe za sauti za kutisha zisizo na chanzo. Watu wakizizoea, hata tahadhari ya kweli wataipuuza.

Naomba kila mmoja athibitishe hapa kabla ya Alhamisi usiku: andika jina lako na "nipo" au "sipo". Asanteni sana.