Besi mbili, mtu mmoja

London, Novemba 2024

Sahibu yangu,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Watoto wazima, mama yao mzima, na mimi namshukuru Mungu, ila magoti tu yananisumbua mvua ikinyesha. Nimeona nikuandikie barua, si ujumbe wa simu, kwa sababu nina deni lako la tangu mwaka 1987 na sitaki kulilipa kwa mistari miwili.

Unaikumbuka ile kaseti ya Lou Reed, mwimbaji wa Marekani? Ile tuliyopewa na baharia pale Tanga, tukaisikiliza chumbani kwenu Barabara ya 9 mpaka utepe ukaanza kulia kama paka, na penseli yako ikaisha rangi kwa kuuzungusha. Wimbo wa mwisho upande wa kwanza, "Walk on the Wild Side". Besi ile inayopanda na kushuka taratibu, kama mtu anayetembea usiku na hana haraka ya kufika. Mimi nilishikilia kwamba ni wapigaji wawili, maana nilisikia sauti ya chini na sauti ya juu. Wewe uliyekulia kwenye besi ya Black Star, ile bendi ya taarabu ya Tanga, ukakataa katakata. Ulisema, "Wawili hawatelezi pamoja namna hii. Huyo ni mtu mmoja." Tulibishana mpaka mama yako akatuzimia taa.

Sahibu, ulisema kweli. Ni mtu mmoja. Anaitwa Herbie Flowers, Mwingereza, amefariki Septemba hii, na ndipo nilipoanza kusoma habari zake. Kwanza alipiga besi kubwa la kusimama, lile la mbao kama la taarabu ya Unguja. Kisha akaomba arekodi tena juu yake kwa gitaa la besi la umeme, kwa noti za juu zaidi. Mwenyewe alieleza sababu bila kuficha: enzi zile mwanamuziki wa kukodiwa akipiga ala mbili analipwa mara mbili. Nimelifikiria sana jambo hilo. Mtu alikwenda kutafuta riziki ya siku, akatoka ameacha kitu ambacho vijana wawili wa Ngamiani wamekibishania nusu ya umri wao.

Lililonishtua zaidi ni mahali. Sisi tulijua huo ni wimbo wa New York, na ni wa New York kweli, lakini ulirekodiwa hapa London, Agosti 1972, katika studio ya Trident, kwenye kichochoro cha St Anne's Court, mtaa wa Soho. Kichochoro hicho nimekikatiza miaka na miaka nikitoka zamu ya usiku ya usafi wa maofisi! Safari hii nilisimama. Ilikuwa saa kumi na moja alfajiri, lami imelowa, kijana mmoja anakusanya viti vya baa. Nikavaa spika za masikioni nikausikiliza mwanzo hadi mwisho. Ngoma zinapigwa kwa brashi, sauti haipandi hata mara moja. Wale akina dada wanaoitikia wanaanza mbali, kama wako mwisho wa barabara, halafu wanakuja, wanakuja, mpaka wako mbele ya uso wako. Zamani nilidhani ni redio yenu inayochezacheza. Kumbe ndivyo ulivyotengenezwa.

Wanamuziki wa Kiingereza David Bowie na Mick Ronson ndio waliosimamia kurekodiwa kwake, wakati ule Bowie mwenyewe anang'ara kwa mavazi na rangi za usoni. Lakini Lou hakuuvika kelele wimbo huu. Anasimulia tu, kama mtu yuko barazani anakutajia majirani. Na wale anaowataja walikuwa watu kweli, sahibu, si majina ya kutunga tulivyodhani. Walikuwa kundi la msanii Andy Warhol, wakikesha Max's Kansas City, mkahawa uliokuwa karibu na Union Square. Holly Woodlawn alizaliwa Puerto Rico, akatoroka Miami akiwa kijana mdogo, akaomba lifti njia nzima mpaka New York. Candy Darling alitoka vitongoji vya Long Island. Wote wawili walizaliwa wakaitwa wavulana, wakaishi kama wanawake, na usiku wa jiji lile ukawapa nafasi ambayo kwao hawakuipata. Candy alifariki mwaka 1974, hajafika hata miaka thelathini. Lou hawacheki na hawasikitikii. Anawataja kwa majina, basi. Kwangu mimi hiyo ndiyo heshima kubwa iliyomo, na tulikuwa tukiihisi hata pale Kiingereza chetu kilipokuwa cha kuungaunga.

Kuna jambo jingine. Alipokuwa anawataja, hakuwa nao. Alikwisha kuiacha bendi yake ya Velvet Underground mwaka 1970, akarudi kwa wazazi, akawa anapiga chapa katika ofisi ya baba yake. Kisha huyo London, ng'ambo ya bahari, anakumbuka nani alitoka wapi na nani alifanya nini. Nimesimama pale alfajiri nami nikajikuta nawataja watu wa Barabara ya 9, mmoja mmoja, muuza kahawa, fundi baiskeli, mama yako, Mungu amrehemu.

Kaseti yetu ilikatika kabla saksafoni ya mwisho haijaisha, unakumbuka? Mpigaji ni Ronnie Ross, aliyewahi kumfundisha Bowie saksafoni utotoni. Nimeusikiliza mwisho wote sasa. Haimalizi, inafifia tu, inaendelea kwenda mahali.

Desemba mwakani nakuja, Inshallah, tikiti nimeanza kuidunduliza. Tafuta nyuzi mpya za gitaa lako. Wewe utashika besi ya chini, mimi nitajaribu ile ya juu, na safari hii hatutabishana.

Msalimie shemeji na watoto.

Nduguyo wa Barabara ya 9