Casgevy haigusi jeni ya selimundu

Mhariri,

Tangu Uingereza ilipoidhinisha Casgevy, tiba ya selimundu inayohariri DNA ya mgonjwa, Novemba 2023, na Marekani mwezi uliofuata, imekuwa kawaida kusoma kwamba wataalamu "wanaing'oa jeni mbovu ya selimundu na kupachika nzima". Sivyo. Jeni hiyo huachwa kama ilivyo, na aliyetibiwa bado anaweza kumrithisha mwanawe. Kinachokatwa kiko kwingine kabisa.

Chembe nyekundu hutengenezwa ndani ya uboho. Chembe changa hugawanyika mara nne au tano huku ikijijaza himoglobini, kisha hutema kiini chake na kuingia kwenye mkondo wa damu. Ikishatema kiini haina tena jeni za kuwasha wala kuzima, kwa hiyo himoglobini itakayobeba maisha yake yote (siku 120 kwa mtu mzima wa afya, 10 hadi 20 tu kwa mwenye selimundu) huamuliwa ndani ya uboho. Nyapara wa kazi hiyo ni protini iitwayo GATA1, inayoshika vipande maalumu vya DNA na kuwasha jeni za chembe nyekundu.

Kwenye kromosomu ya 11 jeni za kundi moja la himoglobini zimekaa kwa foleni: ya kiinitete, mbili za kijusi, na ya utu uzima mwishoni. Hitilafu ya selimundu, herufi moja tu, imo kwenye hiyo ya mwisho. Himoglobini ya kijusi, ile inayoandikwa HbF kwenye karatasi ya majibu, haiungani na nyuzi zinazoipinda chembe ikawa kama mundu. Ndiyo inayomlinda mtoto miezi yake ya mwanzo. Ndiyo pia inayoidanganya maabara: tone la damu lililochanganywa na sodiamu metabisalfaiti (kemikali inayoondoa oksijeni ili chembe zenye selimundu zipinde) chini ya kioo cha hadubini linaweza kuonyesha chembe za duara kabisa kwa mtoto wa miezi mitatu mwenye ugonjwa. Chini ya miezi sita, dai elektroforesisi au kipimo kingine kinachotenganisha aina za himoglobini. Na kama mtoto ameongezewa damu, majibu yatachanganyika na damu ya mchangiaji kwa takriban miezi mitatu.

Anayeizima HbF ni protini nyingine, BCL11A. Kazi yake hiyo ilibainishwa mwaka 2008 na maabara ya mtafiti Stuart Orkin, Boston, Marekani. Jeni yake haiwezi kufutwa hivi hivi, maana ubongo na chembe nyeupe zinaihitaji. Casgevy hukata swichi yake tu, pale GATA1 inaposhika ili kuiwasha ndani ya chembe nyekundu. BCL11A ikipungua humo, HbF hurudi.

Haidroksiyurea, dawa ya kumeza ya selimundu, nayo huongeza HbF, kwa njia butu zaidi na kwa bei inayoshikika. Hupunguza kasi ya uboho, na uboho unapojikusanya tena hutoa chembe nyingi zenye HbF. Hapo ndipo penye mgogoro na wazazi: chembe za zamani lazima zife kwanza na mpya zizaliwe, hivyo nafuu huchukua miezi mitatu hadi sita. Anayeacha dawa wiki ya sita "kwa kuwa haifanyi kazi" ameiacha ikiwa njiani.

Kiwango cha kuanzia kwa mtoto ni miligramu 20 kwa kila kilo kwa siku. Mwenye kilo 15 anahitaji 300, ilhali kapsuli iliyozoeleka ni ya 500. Kuifungua na kugawa unga kwa jicho jikoni ni kosa, na mama mjamzito asiuguse kabisa. Famasia itoe kapsuli ndogo au dawa ya maji. Kila baada ya wiki nane, damu ikiruhusu, daktari huongeza miligramu 5 kwa kilo, mwisho 35. Nyutrofili (aina ya chembe nyeupe) zikishuka chini ya 1,000 kwa mikrolita moja ya damu, au chembe sahani (zinazogandisha damu) chini ya 80,000, dawa husimamishwa hadi zipande, kisha huendelea.

Kwenye karatasi ileile ya majibu kuna mstari wa MCV, yaani ukubwa wa chembe. Dawa ikimezwa kila siku, namba hiyo kwa kawaida hupanda. Isipopanda kwa miezi kadhaa, kabla ya kuongeza dozi ulizeni kwanza kama inamezwa, kisha pimeni upungufu wa madini ya chuma.

Wataalamu wa maabara ya damu,
Dar es Salaam