Hati zilikuwa ndani ya piano

Shoga yangu mpenzi,

Salamu nyingi. Sisi wazima, mtoto kikohozi kimemwacha, na ile habari ya Mama Pili tutaiongea tukionana maana si ya kuandika. Najua ni miezi minne hujaona mwandiko wangu. Leo nimeshindwa kunyamaza.

Umeisoma tahakiki ya filamu ya Casablanca ya yule bwana wetu, mhakiki wa filamu? Mimi nimeisoma mara tatu. Ya kwanza kwa furaha, unajua ninavyoipenda filamu ile. Ya pili kalamu mkononi. Ya tatu nilishaiwasha filamu yenyewe, nikawa naisimamisha, narudisha nyuma, natazama tena.

Anasema ilipigwa Moroko, na kwamba joto la huko unaliona kwenye nyuso za waigizaji. Shoga, ilipigwa California mwaka 1942, karibu yote katika studio za Warner Bros. pale Burbank! Anasema Humphrey Bogart, aliyeigiza Rick mwenye mkahawa, aliondoka na Oscar. Alipendekezwa tu, tuzo akapewa Paul Lukas. Filamu ilipata tatu, ya filamu bora, ya mwongozaji Michael Curtiz na ya muswada. Anasema wimbo ule ni wa Max Steiner. Steiner alitunga muziki wa filamu, lakini “As Time Goes By” ni wa Herman Hupfeld, wa mwaka 1931, na huyo Steiner alitaka uondolewe kabisa. Haikuwezekana, kwa sababu Ingrid Bergman, aliyeigiza Ilsa, mpenzi wa zamani wa Rick, alikuwa ameshakata nywele kwa ajili ya filamu nyingine na matukio yale yasingeweza kurudiwa. Kisha akaniwekea ile “Ipige tena, Sam”, sentensi ambayo hakuna mtu anayeitamka humo. Ilsa anamwambia tu huyo Sam, mpiga piano wa Rick, apige. Hiyo “tena” wameiongeza watu.

Haya yote ningemwachia. Mtu huchanganya majina, mwaka huteleza.

Lakini piano, shoga! Ameandika kwamba yule mlanguzi Ugarte alipomkabidhi Rick zile hati za kusafiria, zinazomwezesha mkimbizi kutoka mjini, Rick alizifungia kwenye sefu ya ofisini, pamoja na fedha zake. Na hakuishia hapo, hapo ndipo alipojenga. Aya tatu nzima juu ya sefu hiyo: kwamba Rick ni mtu aliyegeuza kila kitu kuwa mali, kwamba hata wokovu wa wengine anauhesabu pamoja na mauzo ya usiku, kwamba mwisho wa filamu, Rick anapowapa wengine hati hizo, hauaminiki kwa sababu mtu wa namna hiyo habadiliki ndani ya siku mbili tatu. Zimeandikwa vizuri sana aya hizo. Ndiyo maana zimeniuma.

Maana Rick hakuziweka kwenye sefu. Sam anaimba, watu wanaitikia, na Rick anapita akazitumbukiza chini ya kifuniko cha piano. Polisi wanakuja kupekua, wanavuruga kila kitu, hawazioni. Fikiria: piano ileile ambayo baadaye Ilsa anaomba apigiwe ule wimbo, wimbo ambao Rick alikuwa amemkataza Sam asiupige! Kitu cha thamani kuliko vyote mjini amekificha mahali anapoogopa kusikiliza. Sasa huyo ni mtu aliyekufa moyo? Filamu imetuambia mapema kabisa kwamba hajafa, imetuonyesha kwa mkono wake. Hukumu yote ya yule bwana imesimama juu ya sefu ambayo haikuficha kitu.

Na si jambo lililojificha. Piano hiyo iliuzwa kwa mnada New York mwaka 2014 kwa zaidi ya dola milioni 3, na habari zilizoandikwa zilieleza kwamba ndiyo iliyoficha hati.

Najua utasema ulivyosema safari ile: maoni ni yake, mwache. Maoni namwachia. Akisema filamu inachosha, ni haki yake. Ila mahali hati zilipowekwa si maoni. Zamani mhakiki aliitazama filamu mara moja gizani, akaenda kuandika kwa kumbukumbu, huyo namwelewa. Leo unaisimamisha kwa kidole.

Tena makosa ya namna hii hayafi upesi. Kumbuka yule mhakiki wa Marekani Pauline Kael na filamu ya Orson Welles, Citizen Kane. Mwaka 1971 aliandika kwamba muswada ni kazi ya mwandishi mwenzake Herman Mankiewicz, Orson Welles hakuwa na mchango wa maana. Na Kael hakumuuliza Welles mwenyewe, ingawa alikuwa hai. Mwaka uliofuata mwongozaji Peter Bogdanovich akamjibu. Baadaye mtafiti Robert Carringer akazipitia rasimu zenyewe moja baada ya nyingine na kuonyesha kwamba mchango wa Welles ulikuwa mkubwa. Hadi leo wapo wanaoirudia ile ya Kael, kwa sababu aliiandika kwa ufundi.

Kinachonisumbua usiku ni hiki. Huyu ndiye aliyetufundisha mimi na wewe kutazama taa inatokea upande gani, nani amekaa karibu na mlango. Zipo filamu sijawahi kuziona ambazo nimezibeba miaka yote kwa maneno yake tu. Nimewasimulia watu. Sasa ngapi kati ya hizo zina sefu mahali palipokuwa na piano?

Nimemwandikia mhariri kurasa mbili, nakala nimekuwekea humu. Naomba uisome. Je, nimekuwa mkali popote zaidi ya kosa lenyewe? Nitoe lile la Oscar nibaki na piano peke yake, au yaende yote? Au unaona nimpelekee yeye mwenyewe kwanza, wewe uliyewahi kufanya naye kazi, ni mtu wa kupokea? Kaka yako bado ana anwani yake? Na zile aya tatu, hivi kuna namna ya kuziokoa sefu ikiondoka, maana mimi nimejaribu nikashindwa? Nijibu kabla ya Ijumaa. Bahasha bado sijaifunga.

Wako akupendaye.